Gari Lililovuja Kutoka Makunduchi Mpaka Matemwe

Tangu nirudi, kila baraza ninayopita naulizwa swali hilo hilo: "Ehe, hebu tueleze, gari lilivuja nini?" Nimeshajibu mara nyingi mpaka kisa kikinitoka kinatoka kifupi, halafu kila anayekipokea anakirefusha kwa upande wake. Juzi Malindi nimesikia kwamba nilimtumbukiza bibi wa watu kwenye pipa la oili. Kwa hivyo nakaa nikiandike kama kilivyokuwa, hatua kwa hatua, na atakayetaka kukirefusha akirefushe kuanzia hapa.

Mnanijua. Skuli niliiacha mapema kwa sababu kila kilipolia kitu nje ya dirisha nilitaka nikakitazame. Nimepaka rangi mashua, nimebeba mizigo bandarini, nimefunga nyaya za umeme kwenye nyumba ambazo bado zinawaka. Basi rafiki yangu Ussi aliponipigia simu kutoka Matemwe akaniambia nichukue gari lake hapa mjini, niende nalo Makunduchi nikamlete bibi yake harusini, sikumuuliza hata njia. Nilichosikia ni kwamba nitaizunguka Unguja nzima, kusini mpaka kaskazini, kwa petroli ya mtu mwengine.

Anayeolewa ni dada yake Ussi, Rukia. Nikahi Ijumaa, baada ya sala ya alasiri. Mimi nilianza safari Alkhamisi asubuhi, nikaona nina wakati wa kutupa.

Mkunazini mpaka Mwanakwerekwe

Gari la Ussi ni stesheni wagoni kuukuu, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Ussi hulichukulia samaki kutoka pwani, na kwa ajili hiyo zulia la nyuma alishaling'oa, na vile vizibo vya mpira vilivyokuwa chini ya buti alivitupa ili maji ya barafu yapate pa kutokea. Nililisugua kwa sabuni na ndimu mpaka wapita njia wakaniuliza nani anaolewa. Halafu nikaondoka kwa raha zangu.

Sikufika mbali. Kila nilipokata kona, mbele upande wa kushoto kulikuwa na kitu kinagonga, tak-tak-tak, kama mtu anayebisha hodi kwa haraka. Kona zikinyooka, kimya. Nilishuka Mwanakwerekwe, nyuma ya soko, kwa Fundi Abeid, mzee mfupi mwenye banda la mabati na miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Kata usukani mpaka mwisho, uzunguke polepole."

Nikazunguka. Yeye akatembea pembeni ya gurudumu, kainamisha sikio, kama anasindikizana nalo na wana mazungumzo yao. Akanisimamisha, akapiga jeki, akaniita. Ndani ya rimu palikuwa pamejaa uchafu mweusi, umerushwa mduara mzima.

"Tia kidole," akasema.

"Nitie kidole wapi?"

"Hapo hapo. Wewe si unapenda kujua mambo? Tia."

Nikatia. Kilikuwa kizito, cheusi, kinanata kama halua.

Fundi Abeid akanieleza, nami nawaeleza kwa sababu ndiyo elimu niliyorudi nayo. Kwenye gia boksi kunatoka shafti inayokwenda kuzungusha gurudumu. Kila ncha ya shafti ina jointi, ili gurudumu lipate kupinda na kuruka juu chini huku linazunguka. Jointi inaishi ndani ya grisi, na grisi imefunikwa na mpira wenye mikunjo kama kinanda cha kukunja. Mpira ukichanika, grisi inarushwa nje na mchanga unaingia ndani, na mchanga ukishaingia jointi inaanza kulia kwenye kona.

"Sasa sikiliza," akasema, anafuta mikono. "Ukikuta uzito mweusi unaonata karibu na gurudumu, hiyo grisi, mpira wa nje umekwenda. Ukikuta wepesi unaoteleza kama samli iliyoyeyuka, upande wa ndani, hiyo oili, sili inayoizuia kwenye gia boksi, au kwenye difu, ile boksi ya gia ya nyuma, imechoka. Oili ya difu ina harufu ya yai viza, huwezi kuikosea."

"Na nikikuta vyote viwili?"

"Basi futa. Fundi asiyefuta anabahatisha. Futa pakauke, endesha kidogo, kisha tazama palipoanzia, si palipoishia. Na mafuta hayapandi, baba. Yanashuka, halafu gurudumu linayarusha. Ukiona pamelowa, inua macho utazame juu yake."

Nikaitikia naam, naam, kama nimeelewa yote. Akaifungua jointi, akaiosha kwa petroli, akaishindilia grisi mpya, akaifunga mpira mpya kwa klipu mbili. Kazi hiyo ilichukua mpaka adhuhuri. Gari likatoka pale linakata kona kimya kabisa, na mimi nikatoka nimekuwa fundi.

Mwanakwerekwe mpaka Makunduchi

Njia hii sitaisema sana, kwa sababu haikuwa na taabu. Nilisimama mara tatu kutazama chini ya gari bila ya sababu yoyote, kwa raha tu ya kujua ninachokitazama. Pale Jozani mtalii mmoja alidhani nimeona nyoka, akaja kuchungulia na kamera yake. Nilimwonyesha mpira wa jointi. Akaupiga picha.

Bi Mize nilimkuta ukumbini kwake anasuka ukili. Ni bibi mwembamba, mrefu, na macho yake yanakutazama kama yanakupima kanzu.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Wewe ndiye dereva?"

"Ndiye mimi."

"Umekonda. Ingia ule."

Nilikula pweza wa nazi kwa muhogo mpaka nikaona aibu, akaniongeza, nikala na aibu yangu. Baada ya kula ndipo akanionyesha dumu. Lilikuwa dumu la lita tano, limejaa mafuta ya nazi, safi, unaona upande wa pili. Alikuwa ameyatengeneza mwenyewe: kakuna nazi, kakamua tui, kachemsha mpaka mafuta yakajitenga, kisha katia vilua na asumini na mkadi, akayaweka juani na kubadilisha maua kila asubuhi kwa siku saba. Mdomo wa dumu aliuziba kwa kitambaa na jani la mgomba. Kifuniko cha plastiki hakukitaka. Alisema kinatia harufu ya duka.

"Mama yake Rukia alikuwa mwanangu," akasema. "Siku alipoolewa nlimpaka mafuta haya haya kwa mikono hii. Hayupo tena. Rukia nimemlea mimi mpaka baba yake alipomchukua Matemwe kwa ajili ya skuli. Nshawapigia simu, nimewaambia asivishwe nguo ya harusi mpaka nifike nimpake. Na nikahi isisomwe hajapakwa. Umefahamu?"

"Nimefahamu, Bi."

"Basi kesho saa mbili tutoke."

Nilifahamu kweli. Huyu bibi kumwona mjukuu wake akiolewa hakukumtosha. Alikuwa anakwenda kufanya kazi ya mama, na alasiri haingemngoja.

Makunduchi mpaka Jozani

Saa mbili ikawa saa nne kasorobo. Kila nyumba ya jirani ilikuwa na salamu za kumpa Rukia, na salamu za Makunduchi zinabebwa kwa mikono: gunia la muhogo, mkungu wa ndizi, kikapu cha mikate ya mofa, na furushi la vilua vibichi. Bi Mize mwenyewe alivaa kikuba kifuani, maua yameshonwa pamoja, na gari zima likanukia kama chumba cha mzazi.

Kisha likaja dumu. Alilishika mwenyewe, akaelekea kiti cha mbele.

"Hili nnalipakata."

"Hata, Bi Mize! Mpaka Matemwe? Wewe upakate dumu mimi nimekaa? Watu watanionaje?"

"Watakuona umekaa."

"Litakuchafua buibui."

"Buibui langu na mafuta yangu wanajuana."

Majirani walikuwa wanatazama, na mimi nilikuwa nimeshakula pweza wa watu. Nililichukua dumu mikononi mwake kwa heshima zote, nikalipeleka nyuma, nikalisimamisha baina ya gunia na kikapu, nikalikaza kwa mkungu wa ndizi. Jirani mmoja akasema, "Kijana ana adabu huyu." Bi Mize alilitazama dumu lake mara moja, akapanda mbele. Nakumbuka sana alivyolitazama.

Tulikwenda vizuri mpaka kwenye matuta. Kila tuta nilisikia nyuma mizigo inasogeana, nikajiambia ni ndizi. Karibu na Jozani, pale wanapovuka kima, tulisimama kuwapisha. Mwenye baskeli aliyekuwa nyuma yetu akaja dirishani kwangu.

"Kaka, gurudumu lako la nyuma linatokwa na jasho."

Nikashuka. Nyuma, upande wa kushoto, rimu ilikuwa inang'aa. Nikachutama nikaona shafti ya nyuma imelowa, jointi imelowa, na mafuta yamerushwa mduara mzima ndani ya gurudumu, yamechanganyika na vumbi na grisi kuukuu, meusi. Nikatia kidole. Mepesi, yanateleza kama samli iliyoyeyuka. Upande wa ndani.

Mtu akijua kidogo anakuwa na furaha hata kwenye msiba. Moyo ulinishuka, lakini nusu yake ilikuwa inasema: hiyo sili ya difu, hiyo!

"Kuna nini?" Bi Mize akauliza kutoka ndani.

"Oili, Bi. Inavuja kidogo."

"Hebu nishuke nione."

"Kaa tu, Bi. Usijichoshe. Haya mambo ya chini ya gari."

Koani mpaka Dunga

Tulikwenda polepole, tukakata Koani, na pale Dunga nikaona gereji chini ya mwembe mkubwa. Fundi wake anaitwa Yohana, mtu wa bara, kaka mnene mwenye kicheko cha kutikisa spana. Ilikuwa saa tano na nusu. Kitu cha kwanza alichofanya, kabla ya kutazama gari, alitandika mkeka kivulini, akaweka mto, akamketisha Bi Mize akiwa ameligeuzia gari mgongo ili asione uchafu wa gereji.

"Shikamoo, bibi yangu."

"Marahaba. Mimi ningependa kuona hayo mafuta."

"Bibi, ukiinama wewe chini ya gari mbele yangu, wateja wote watanikimbia. Pumzika. Dafu linakuja."

Dafu likaja. Mimi na Yohana tukaingia chini ya gari. Alipapasa, akanusa, akakunja uso.

"Difu hii mbona inanukia vizuri?"

"Si difu," nikamwambia. "Ni bibi. Amevaa kikuba, na nyuma kuna vilua."

"Ahaa. Maana nilitaka kuuliza mnatia oili gani huku Unguja." Akafuta shafti kwa tambara. "Sili imekwisha hapa. Ngoja tuone imebaki oili kiasi gani."

Akafungua nati ya difu, akaingiza kidole. Kikatoka kimelowa pale pale mlangoni. Difu ilikuwa imejaa mpaka juu, na ilinuka yai viza kama alivyosema Fundi Abeid. Tukatazamana.

"Imejaa," nikasema.

"Imejaa," akasema Yohana. Akafikiri. "Basi ndiyo kwanza imeanza kuvuja."

Nami nikakubali! Watu wazima wawili, tumelala chali, tumeona kwa macho yetu kwamba difu haijapungua hata tone, tukakubaliana kwamba inavuja. Nikikumbuka nacheka peke yangu njiani.

Sili mpya ilikuwa ya kutafutwa duka la jirani, na mwenye duka alikuwa ameshafunga kwenda sala ya Ijumaa. Nikaenda kusali na mimi. Niliporudi, Yohana alikuwa anamsimulia Bi Mize habari za mama yake huko kwao, na Bi Mize anamfundisha jinsi ya kuchemsha tui lisiungue. Mwenye duka alirudi saa nane kasoro robo, akatafuta, akasema sili ya gari hilo haipo, labda mjini.

"Nenda hivyo hivyo," Yohana akaniambia. "Usizidi arubaini. Simama kila baada ya muda, futa, tazama. Ukisikia difu inavuma, au gurudumu limekuwa moto, usiendelee. Likikaza ukiwa mbioni, utamuua bibi wa watu."

"Mnanong'ona nini?" Bi Mize akauliza.

"Tunakuombea safari njema, bibi yangu."

Dunga mpaka Kiwengwa

Arubaini. Jaribuni siku moja kwenda arubaini mna harusi. Punda mwenye mkokoteni alitupita pale Chwaka nilipokuwa nimesimama kufuta, na mwenyewe akanipungia mkono. Kila nilipofuta, shafti ilikuwa imelowa upya. Difu haikuvuma. Gurudumu halikuwa moto. Hilo pia lilinishangaza, na hilo pia nikaliacha lipite.

Ussi akapiga simu.

"Mko wapi?"

"Uroa."

"Saa nane na nusu mko Uroa? Rukia kakaa na kanga ya kuogea tangu asubuhi, hataki kuvishwa. Mashangazi wanamgombeza. Sheikh kashafika. Nije niwachukue?"

"Uje na nini? Gari lako si ninalo mimi!"

Akakata. Bi Mize alikuwa amesikia yote. Akafungua kifurushi cha chakula alichokipakata, akanipa kipande cha mofa na changu wa kukaanga.

"Kula. Dereva mwenye njaa anaona mashimo mawili pahali pa moja."

"Bi, nisamehe. Tumechelewa."

"Mimi nimekwenda na punda, nimekwenda na gari la ng'ombe, nimekwenda kwa miguu na mama yake Rukia mgongoni," akasema, anatazama mbele. "Sijapata kuvuja."

Baada ya Pongwe mvujo ulizidi, au niliogopa zaidi. Nilipofika Kiwengwa, tambara langu lilikuwa limelowa mpaka linadondoka. Saa tisa na robo. Nilisimama kando ya njia, karibu na uwanja ambapo kina mama walikuwa wanaanika mwani, nikashuka, nikakaa chini kwenye mchanga. Nikienda, gurudumu huenda likakaza na bibi yumo ndani. Nisipokwenda, nikahi inasomwa na Rukia hajapakwa, au haisomwi na watu wote wanamlaumu yeye. Sikuwa na cha kuchagua kati ya hayo. Kwa mara ya kwanza tangu nitoke mjini sikutaka kujua kitu chochote.

Mama mmoja akaacha mwani wake akaja. Baadaye nilijua anaitwa Bi Tatu, na kwamba yeye na wenzake hupika sabuni ya mwani wakawauzia wageni. Hakuomba ruhusa. Alikunja kanga, akapiga magoti, akaingiza mkono nyuma ya gurudumu. Sikupata nafasi ya kumwambia asijichoshe.

Akasugua vidole. Akajipaka mkononi, akangoja kidogo. Halafu, wallahi, akaonja.

"Mama! Hiyo oili ya difu!"

"Oili ya babu yako," akasema Bi Tatu. "Hii nazi. Mimi napikia sabuni kila wiki, nisiijue nazi? Tena ina vilua. Nani anatia vilua kwenye gari?"

Ndipo maneno ya Fundi Abeid yaliponijia, yamechelewa kama mimi mwenyewe. Ukiona pamelowa, inua macho. Nikalala chali, nikainua macho. Juu ya ile jointi kulikuwa na tundu la duara kwenye bati la buti, lile ambalo Ussi alitoa kizibo ili maji ya barafu yatoke, na kwenye ukingo wa tundu lilikuwa limening'inia tone moja, jeupe, safi. Likaniangukia kwenye paji la uso.

Nikafungua nyuma. Dumu lilikuwa limelala chini ya mkungu wa ndizi, kitambaa kimelowa, jani la mgomba limekunjuka.

Bi Mize alikuwa ameshashuka bila ya mtu kumfungulia mlango. Akaja, akasimama, akatazama dumu, akatazama gurudumu, akanitazama mimi na lile tone usoni.

"Mara ngapi nimesema nataka kuona?" akauliza.

"Mara mbili, Bi. Na kulipakata, mara moja."

"Na nyinyi mkanipa dafu."

Adabu yote niliyofunzwa, yule jirani aliyeisifu, ule mkeka wa Yohana na mto wake: tulikuwa tumemheshimu bibi huyu kutoka kusini mpaka mashariki, na kila tulipomheshimu mafuta yake yakapungua. Yeye peke yake angeyajua kwa kuyatazama tu, na yeye peke yake ndiye tuliyempa mgongo.

Akaliinua dumu, akalitikisa karibu na sikio. Palibaki kama kikombe kimoja cha chai. Bi Tatu akasema kwa upole kwamba nyumbani ana mafuta ya nazi safi, atakwenda kuyaleta sasa hivi, hata lita mbili.

"Ahsante, mwanangu," akasema Bi Mize. "Lakini hayo yako hayamjui Rukia."

Kisha akaanza kucheka. Alianza mabegani, kimya kimya, halafu ikamtoka, akashika ubavu wa gari asianguke. Kina mama nao wakapasuka. Nilibaki mimi tu, nimesimama na tambara mkononi, ambalo Bi Tatu alinipokonya akasema tambara kama hilo halitupwi.

Kiwengwa mpaka Matemwe

Sasa gari lilikuwa zima, na lilikuwa zima tangu Mwanakwerekwe. Bi Mize alikaa mbele, amelipakata dumu kwa mikono miwili, kiganja kimoja mdomoni mwake. Sikusema kitu juu ya buibui.

"Arubaini ndiyo mwendo wako?" akaniuliza.

"La, Bi."

"Basi?"

Pwani Mchangani tuliipita sikuiona. Matuta niliyapanda kama ninabeba mayai, na baina ya tuta na tuta nilikimbia kama ninayaiba. Tuliingia Matemwe adhana ya alasiri inaadhiniwa. Wanaume wa kanzu nyeupe walikuwa wanaelekea msikitini, na Ussi yuko katikati ya njia, mikono kichwani, jiko la biriani linafuka moshi nyuma yake. Bi Mize alishuka gari halijasimama vizuri. Kina mama wakampokea kwa vigelegele, mlango ukafunguka, akaingia na dumu lake, mlango ukafungwa.

Tulisali. Baada ya sala sheikh akatulia, watu wakatulia. Ussi alikuwa anatazama mlango wa msikiti, mimi namtazama Ussi. Kisha shangazi mmoja akapiga simu, Ussi akasikiliza, akamwitikia sheikh kwa kichwa. Nikahi ikasomwa.

Biriani nilikula sahani mbili. Ya tatu niliambiwa nimeila vile vile, sikumbuki.

Matemwe mpaka Makunduchi

Jumamosi nilimrudisha Bi Mize kwa njia ile ile. Kiwengwa tulimsalimia Bi Tatu, akatupa vipande vya sabuni yake, akasema jointi zioshwe kwa hiyo kwa sababu mafuta ya nazi yakikaa sana yanaulainisha mpira mpaka unavimba. Dunga tulisimama kwa Fundi Yohana. Alipoambiwa, alikaa chini kwenye tairi, akajifunika uso kwa kofia, na mabega yakamtikisika kwa muda mrefu.

"Bibi yangu, nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Tui lako lisiungue tu."

Njiani nilimuuliza Bi Mize, kwa sababu sikuweza kukaa bila ya kujua, ilikuwaje kule ndani, na kikombe kimoja kilifika wapi. Alikuwa amelipakata dumu tupu.

"Nlimpaka viganja," akasema, "na njia ya nywele, kutoka hapa mpaka hapa. Nlimwambia, mwanangu, yalikuwa mengi, yamemwagika njiani. Akanusa mikono yake. Akasema, bibi, ndiyo haya haya, mama alikuwa ananukia hivi. Mimi sikujua kama anakumbuka. Alikuwa mdogo sana."

Tukafika Jozani. Kima walikuwa wanavuka, nikawapisha.

Tulipofika kwake, majirani walitoka, na yule aliyenisifia adabu alikuwa mbele yao. Nilishusha kikapu. Bi Mize hakuingia ndani. Alisimama nyuma ya gari.

"Sasa nionyeshe," akasema.

Sikumwambia akae. Niliingia ukumbini mwake, nikachukua mkeka, nikautandika pale pale chini, nyuma ya gurudumu la kushoto, nikamshika mkono. Akapiga magoti, akainama, akachungulia mbele ya majirani wote. Nikapiga magoti kando yake nikamwonyesha: hii shafti, hii jointi ya ndani, hii ya nje, huu mpira, na lile tundu kule juu. Aliuliza maswali mengi kuliko niliyouliza mimi kwa Fundi Abeid. Mwisho akanyoosha mkono, akaipapasa shafti polepole, kutoka ncha mpaka ncha. Ilikuwa inang'aa.

"Haya," akasema kutoka huko chini. "Rukia nimempaka viganja, na gari lako nimelipaka miguu. Nimemaliza kazi yangu. Ninyanyue."